Mwaka Milima Ilipofutwa kwa Sheria

Nchi yenyewe haimo katika ramani yoyote iliyochapishwa, na msomaji akiona inafanana na mahali anapopajua, macho yake yanamdanganya, akapimwe. Iliitwa Jamhuri ya Tambarare. Zamani ilikuwa na jina jingine lililotokana na milima yake, maana ilikuwa nchi ya milima mitupu: ng'ombe wa huko walikula majani wakiwa wameegemea ardhi, na mtu aliyekwenda kumjulia hali jirani wa ng'ambo alibeba chakula cha njiani. Lakini hayo ni mambo ya kabla ya Sheria.

Sheria ilikuja hivi. Nchi rafiki iliipa serikali mashine kumi na mbili za kuvunia nafaka, za rangi ya manjano, kila moja kubwa kuliko nyumba ya diwani. Siku ya uzinduzi, ya kwanza iliwashwa mbele ya Rais, ikaenda hatua kumi na tisa ubavuni mwa mlima wa Kigunga, ikainama taratibu kama mzee anayetafuta miwani yake, kisha ikabiringika hadi mtoni pamoja na utepe wake. Ya pili ikaifuata. Ya tatu ilikuwa na dereva mwenye akili, akaruka mapema. Tume ya uchunguzi ikaundwa, ikakaa miezi minane katika hoteli yenye upepo mzuri, ikarudi na majibu. Mashine hazikuwa na kosa. Madereva hawakuwa na kosa. Serikali, kama ilivyotarajiwa, haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la ardhi.

Bunge likapitisha Sheria ya Utambarare, Sura ya 214, kwamba kuanzia siku ya kwanza ya Julai ardhi yote ya Jamhuri ni tambarare, na mtu yeyote atakayeandika, atakayetamka au atakayeashiria vinginevyo atakuwa ametenda kosa. Makofi yalipigwa kwa dakika sita. Mlima wa Kigunga ukaitwa Uwanja wa Kigunga. Waliovunjika miguu kwa kuporomoka waliandikwa hospitalini kuwa wamegongwa na uwanja, na polisi walipewa madaftari mapya ya kunakili maneno yaliyofutwa kila yanapotamkwa.

Wizara ya Nafaka na Ufanisi nayo haikulala. Ufanisi wa kilimo ulipimwa kwa kuyagawanya mavuno yanayotarajiwa kwa mavuno yaliyotarajiwa, na kila mwaka jibu lilikuwa asilimia mia moja, jambo lililowafanya wataalamu wa nchi nyingine waje kujifunza. Mvua iliponyesha, udongo ulitoka mashambani ukaenda kujaa katika bwawa la umeme. Taa zilipozimika nchi nzima, Wizara ilitangaza kwamba bwawa limepandishwa cheo, sasa ni Hazina ya Taifa ya Udongo, na hakuna taifa jirani lenye hazina ya kina kama ile.

Katika nchi hiyo yenye ufanisi wa asilimia mia, mtu mmoja alikuwa anaharibu takwimu kwa kuvuna.

Huyo ni Bibi Namvua, mjane wa miaka sitini na miwili, mwenye ekari tatu ubavuni mwa Kigunga. Shamba lake lilikuwa na makingamaji kumi na manne. Kila moja lilikuwa mfereji uliochimbwa kukatisha mteremko, udongo wake ukatupwa upande wa juu ukawa ukingo, na juu ya ukingo yakapandwa majani ya tembo ili mizizi yake iushike. Yeye na mumewe, Mzee Kirangi, waliyachimba kwa misimu tisa ya kiangazi mfululizo. Kirangi alifariki likiwa limebaki moja, na Namvua akalimaliza peke yake, akichimba huku analia, akisimama kufuta uso, akiendelea.

Mabua hakuyachoma. Aliyalaza shambani yaoze, akatia samadi ya mbuzi wake wanne, akapanda mahindi, mtama na ulezi kwa zamu. Mvua ikifika kwake haikukimbia. Ilikuta mfereji, ikatulia, ikazama. Mwaka ule ambao jirani yake Mzee Mbazi alivuna magunia matano kwenye ekari kama zile zile, Namvua alivuna thelathini na moja. Aliyapenda makingamaji yale waziwazi, bila aibu, na asubuhi aliyapitia moja moja kama mtu anayesalimia wanawe.

*

Barua ililetwa na Bwana Shamba mwenyewe, mtu wa makamo aitwaye Sifaeli, amevaa koti la Wizara lililomzidi mabega.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda, Sifaeli. Wanakulisha nini huko wilayani?"

"Semina, mama."

Namvua akamvutia kigoda, akampa uji wa ulezi, akasubiri anywe hadi chini ndipo akamwambia asome. Sifaeli alisoma kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Mashtaka yalikuwa matatu. La kwanza, kumiliki mteremko bila kibali. La pili, kuyaweka maji ya mvua kizuizini bila amri ya mahakama, ilhali maji hayo yalikuwa safarini kwenda kwenye Hazina ya Taifa. La tatu, kuvuna magunia thelathini na moja katika wilaya ambayo wastani wake rasmi ni magunia kumi, na hivyo kuudhalilisha wastani. Adhabu: makingamaji yote yafukiwe katika siku kumi na nne, la sivyo shamba litachukuliwa na kuunganishwa na Shamba la Mfano la Wizara, lililopakana na lake kwa upande ambao Sifaeli hakuruhusiwa kuutaja, maana ulikuwa upande wa juu.

Shamba lile ndilo lililokuwa maisha yake yote. Hakuwa na jingine, wala hakulitaka jingine.

"Sifaeli," alisema, "makingamaji haya nani alinifundisha?"

"Mimi, mama."

"Ulikuja hapa na miti yako mitatu umeifunga na uzi wenye jiwe, ukamwonyesha marehemu jinsi ya kupima mstari. Ulikaa siku nne. Nilikuchinjia jogoo."

"Nakumbuka, mama. Alikuwa mtamu."

"Ulitufundisha makosa?"

Sifaeli aliangalia viatu vyake. "Wakati ule," alisema polepole, "nchi ilikuwa na milima."

Hapo ndipo hasira ilipompanda Namvua. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alipokasirika sauti yake ilishuka, na waliomjua waliogopa zaidi. Akamwambia arudi kwa waliomtuma akawaambie hafukii.

"Mama, siwezi kuandika hivyo. Fomu ina sehemu mbili tu, 'amefukia' na 'anaendelea kufukia'."

"Nipe kalamu."

Akaigeuza barua ya serikali, akaandika mgongoni kwa herufi kubwa SIFUKII, akatia jina lake chini, akairudisha. Sifaeli aliikunja mara nne, akaitia katika mfuko wa ndani wa koti, akaondoka amekishika kifua mahali ilipokaa.

*

Neno lile moja liliitikisa Wizara kuliko ukame wowote. Haikupita wiki, Mkaguzi Mkuu wa Ufanisi wa Nafaka, Mheshimiwa Dakta Mavoa, akafunga safari mwenyewe, magari mawili na koplo mmoja wa polisi mwenye daftari. Magari yaliposimama mbele ya shamba, madereva walishuka mbio wakaweka mawe makubwa nyuma ya kila gurudumu.

"Hayo mawe ya nini, wanangu?" Namvua aliwauliza.

Madereva wakatazamana. "Mapambo, bibi."

Wanakijiji waliokusanyika wakaziba midomo kwa khanga na kofia. Koplo akafungua daftari, akafikiri, akalifunga, kwa kuwa mapambo hayakuwa yamefutwa.

Dakta Mavoa alikuwa na tumbo la heshima na sauti nzito. Alisimama juu ya meza iliyoletwa kwa ajili yake, mguu mmoja wa meza ukiwa umetiwa matofali matatu ili usawa upatikane.

"Ndugu wananchi wa uwanda huu," alianza, "maji ni uhai, na uhai hauzuiliwi. Je, nani miongoni mwenu angependa kuzuiliwa? Hakuna. Basi kwa nini maji? Udongo vivyo hivyo. Udongo unaosafiri ni udongo unaoiona dunia, udongo wenye upeo. Udongo wa mama huyu umekaa mahali pamoja miaka ishirini. Ni udongo usio na uzoefu." Akameza mate. "Halafu kuna suala la kitaalamu. Mifereji hii na kingo zake inakula asilimia kumi na mbili ya shamba. Kwa hiyo, kisayansi, mama huyu angevuna asilimia kumi na mbili zaidi kama asingevuna namna hii."

"Mheshimiwa," alisema Namvua, "jirani yangu hana ukingo hata mmoja. Hizo asilimia kumi na mbili zake ziko wapi?"

Mzee Mbazi, ambaye shamba lake lilikuwa limesafiri karibu lote likabaki mawe, aliinama akajikuna kisigino. Mawe yake yalikuwa yameandikwa wilayani kama zao la biashara.

"Ziko katika Hazina," Dakta alijibu bila kupepesa macho. "Zimehifadhiwa kwa niaba yake."

Kisha akasoma amri. Kwa kuwa mwenye shamba amekaidi, makingamaji yatafukiwa na wananchi wenyewe siku ya Jumamosi kwa njia ya msaragambo, na ili mtu asije akasema Wizara inadharau utamaduni, msaragambo huo utafuata mila zote za mahali bila kuacha hata moja. Sentensi hiyo ya mwisho aliiongeza mwenyewe palepale, aliipenda sana, akairudia.

Wazee walitazamana, maana Dakta alikuwa mtu wa mjini na hakujua alichokisema. Msaragambo ni kazi ya kijiji kizima, na wakati huo uliitishwa kwa baragumu. Lakini una taratibu zake, na watu wa Kigunga wanazishika kuliko wanavyoishika katiba. Aliyepuliza baragumu ndiye anayepiga jembe la kwanza. Ndiye anayenyoosha mkono kuonyesha udongo uende upande gani. Kabla hajafanya hivyo, mtu akigusa ardhi, amemtukana mwitaji na ukoo wake wote, na tusi hilo halifutiki upesi.

Siku mbili zilizobaki kabla ya Jumamosi Namvua alipita nyumba kwa nyumba. Watu walidhani amekuja kuwaomba wasije, na baadhi walikuwa wameshatunga visingizio vya ugonjwa. Hakuomba hivyo.

"Jumamosi mje wote," aliwaambia. "Mje na majembe yaliyonolewa. Na mfuate mila zote na sheria zote. Msiache hata moja."

Mbazi alimkodolea macho. "Dada, watalichukua shamba. Unacheza na moto."

"Nimechimba pale miaka ishirini, Mbazi. Sichezi."

*

Jumamosi walifika watu mia na kumi. Dakta Mavoa alipuliza baragumu mara tatu, na mara ya tatu likatoa sauti. Watu wakajipanga mstari mmoja juu ya ukingo wa kwanza, majembe begani, wakatulia.

"Haya, anzeni," alisema Dakta.

Hakuna aliyejongea. Mbazi alikohoa, akamweleza kwa adabu taratibu za msaragambo, akamkumbusha kwamba amri ilisema zote. Dakta hakutaka kuonekana mgeni. Akavua koti, akampa dereva, akaletewa jembe, akalishika karibu sana na kichwa cha chuma kama mtu anayeshika mwiko.

"Sawa. Nipige wapi?"

"Popote upendapo, mheshimiwa," alisema Namvua, amesimama pembeni mikono nyuma. "Lakini kwanza tuonyeshe. Udongo huu wa ukingo tuusukumie upande gani?"

"Upande ule."

"Upande ule kuna nini?"

Dakta akafungua kinywa. Pembeni, koplo akafungua daftari na kulamba ncha ya penseli. Dakta akafumba kinywa, kisha akasema, "Kuna shamba."

"Na upande huu?"

"Shamba vilevile."

"Basi pande zote ni sawa. Ulisema udongo unatakiwa usafiri. Katika nchi tambarare, mheshimiwa, udongo unasafiri ukielekea wapi?"

Watu mia na kumi walisubiri. Koplo akageuka kwa unyenyekevu. "Samahani, mheshimiwa, nimelisikiliza swali la bibi neno kwa neno. Hakuna lililofutwa."

"Maji yataupeleka," Dakta alisema.

"Yataupeleka wapi?"

"Kwenye Hazina."

"Tunyooshee mkono, ndiyo mila yetu. Hazina iko wapi kutoka hapa?"

Dakta Mavoa akanyoosha mkono wake. Kwa kuwa bwawa lilikuwa bondeni, mita mia tano chini ya walipokuwa, mkono ulikwenda ukainama kama mikono yote ya kweli inavyofanya. Koplo akaanza kuandika, akasita, jasho likamtoka.

"Mheshimiwa, mkono umeinama. Sheria inasema 'atakayeashiria'. Naomba uunyooshe kidogo, nisije nikalazimika."

Dakta akaunyoosha. Sasa ulielekea angani, upande wa pili wa bonde, penye wingu. Akautazama, akaushusha kidogo, koplo akakohoa, akaupandisha tena. Aliubadilisha mkono wa kulia kwa wa kushoto. Jua likapanda, likapita utosini. Dakta alijaribu kusema kwamba udongo unajua wenyewe. Wazee wakamjibu kwamba kimila udongo haupewi madaraka. Alijaribu kumwagiza koplo aonyeshe yeye. Koplo akasema hajapuliza baragumu. Saa tisa alasiri mia na kumi walikuwa bado wamesimama, majembe begani, hakuna aliyecheka. Namvua aliwapitishia maji ya kunywa, na Dakta akapewa kikombe cha kwanza kama mgeni anavyostahili. Lakini Namvua alijua siku moja si ushindi, na kesho wanaweza kuja na askari wasiojua mila.

Ndipo mvua za vuli zikafika, wiki mbili kabla ya ratiba ya Wizara.

Zilitokea nyuma ya Kigunga kwa kishindo, na kila mtu akakimbilia baraza ya Namvua, Dakta katikati, amebanwa kati ya Mbazi na mbuzi. Kutoka pale walitazama. Shamba la Mfano lililokuwa juu, lililolimwa kwa mistari mirefu iliyonyooka toka kileleni hadi mpakani, lilianza kuondoka. Maji mekundu yalishuka na miche, na mbolea, na kibao kilichoandikwa jina la Wizara. Yakalifikia kingamaji la kwanza la Namvua, yakapanda, yakasambaa kushoto na kulia ndani ya mfereji, sehemu yake ikamwagikia la pili, la pili likaituliza, la tatu likainywa. Kwenye kingamaji la tano hapakuwa na maji yanayokimbia tena. Majani ya tembo yalikuwa yamelala, kisha yakainuka.

Pembeni, barabara ilikatika, na magari mawili ya Wizara yakaondoka taratibu bila dereva, yakashika kasi, yakapotea.

Koplo alitazama muda mrefu. "Niandike yameibiwa, mheshimiwa?"

"Andika yametangulia," alisema Dakta.

Namvua alimgeukia. "Umeona."

"Sikuona kitu. Mvua ilinizuia."

"Mume wangu alichimba mfereji ule wa tano huku anakohoa damu," alisema Namvua, na sauti yake ilikuwa imeshuka hadi watu wakaacha kupumua ili waisikie. "Alijua hataula mtama wake. Alichimba. Ninyang'anye shamba, nifunge, fanya utakavyo, lakini usisimame kwenye baraza yangu ukaniambia hukuona."

Mvua ilipoanuka Dakta Mavoa aliondoka kwa miguu, viatu mkononi.

*

Baraza la Mawaziri lilikaa siku tatu. Mashahidi mia na kumi walikuwa wameona maji yakishuka, na shahidi mmoja alikuwa koplo. Kuwafunga wote kungemaanisha kuandika katika hati ya mashtaka walichokiona. Kulichukua shamba kungemaanisha Wizara kumiliki mteremko. Mwishowe mwanasheria mmoja akapata njia, akapewa nishani. Jamhuri, alisema, haina mteremko wowote. Shamba la Namvua limeshuhudiwa kuwa na mteremko. Kwa hiyo shamba la Namvua halimo ndani ya Jamhuri.

Sifaeli na koplo walitumwa kuuweka mpaka. Walibeba mti mrefu uliopakwa rangi nyekundu na nyeupe, wakauegesha kwenye njia ya Namvua, wakapigilia kibao: MWISHO WA JAMHURI. Sifaeli akamsomea waraka kwamba kuanzia leo yeye si raia, hana kadi ya kura, hana haki ya pembejeo ambazo hakuwahi kuletewa, na hatahesabiwa katika sensa.

Namvua alikaa chini kwenye ukingo wa kwanza, akalia kidogo. Wimbo wa taifa aliuimba tangu darasa la kwanza na aliupenda, hata ule ubeti wa tatu unaosifu milima, walioukata. Alilia kwa ajili ya ubeti ule. Kisha akajifuta kwa ncha ya khanga.

"Sifaeli, kwa hiyo sheria zenu hazinihusu?"

"Hazikuhusu, mama."

"Na wastani wenu?"

"Hata."

"Na yule wa kuja kunifukia mifereji?"

Sifaeli akautazama ule mti wa mpaka, akawaza, na kwa mara ya kwanza tangu avae lile koti uso wake ulikunjuka. "Hawezi kuvuka, mama. Mpaka uruhusu mwenyewe."

Namvua akacheka hadi mbuzi wakageuka.

Jumatatu asubuhi Mzee Mbazi alisimama mbele ya mti wa mpaka, jembe mkononi, kofia mkononi mwingine.

"Dada," alisema, "mtu akitaka kuhama nchi hii anaanzia wapi?"

"Anaanza kwa kupima mstari. Nisubiri, ninakuja na kipimo."

Walichimba wiki mbili. Kingamaji la kwanza la Mbazi lilipokamilika, koplo alilazimika kuja kulikagua, akakuta mfereji umechimbwa kukatisha kitu ambacho hakiwezi kuwemo katika Jamhuri. Akatikisa kichwa, akaubeba mti wa mpaka akausogeza hadi nyuma ya shamba la Mbazi. Juma lililofuata akausogeza tena, kwa mjane mwingine, kisha kwa ndugu watatu wa upande wa kisima. Kiangazi kilichofuata familia arobaini na moja zilihama Jamhuri bila kutoka majumbani kwao. Koplo alilalamika mgongo. Mwezi wa tisa aliuegesha mti kwenye uzio wa mama yake mzazi, akavua kofia ya kazi, akaomba jembe.

Sifaeli alikawia kidogo kuliko wengine, kwa sababu ya mshahara. Siku aliyovuka, koti la Wizara alilivisha mti shambani ili kutishia ndege wa mtama, na watu wote walikubaliana kwamba halijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Wizara kwa upande wake ilitoa taarifa ya mwaka. Ufanisi ulikuwa asilimia mia moja.

*

Mwaka wa pili mvua zilikuwa chache. Mashamba ya Jamhuri yalikuwa mwamba, na mwamba hauhifadhi tone. Mjini unga uliadimika, watu wakaanza kupanga foleni wakiwa na vyombo vitupu, na Wizara ikaamua kuomba msaada kutoka nchi ya nje iliyo karibu zaidi. Aliyetumwa alikuwa Dakta Mavoa. Alikuja bila gari na bila meza, tumbo limepungua, akasimama mbele ya Namvua asubuhi moja, mkono mmoja kiunoni.

Walikuwa shambani wakipanda. Watu wakasimamisha majembe, kila mmoja kwenye ukingo wake, toka kwa Namvua hadi ng'ambo kwa Mbazi na kwingine kote.

"Shikamoo mama," alisema Dakta. Walikaribiana umri, lakini aliitoa.

"Marahaba."

"Watu wa mjini wana njaa."

"Nimesikia. Mahindi yapo. Tumeshayaweka kwenye magunia, waje wachukue, wao hawakunikosea." Namvua aliegemea mpini wa jembe lake. "Wewe umefikaje hapa?"

"Kwa miguu."

"Safari ndefu?"

"Kilomita mbili na nusu tu kutoka njia panda. Uwanda."

"Mbona unahema?"

Dakta alitazama nyuma. Hapakuwa na askari, hapakuwa na daftari, kulikuwa na njia aliyoipitia, nyembamba, inayopotea kule chini alikotoka. Jasho lilimdondoka kidevuni. Namvua hakumsaidia. Alikuwa ameingoja siku ile, na hakuona sababu ya kuifupisha.

"Nimepanda mlima," alisema Dakta Mavoa kwa sauti ndogo.

"Sijasikia. Masikio yangu sasa ni ya kigeni."

"Nimepanda mlima."

Safari hii alilisema kwa sauti yake ile nzito, na bonde likalirudisha lile neno, likalipeleka toka ukingo hadi ukingo, watu wote wakalisikia. Hakuna aliyeshangilia. Mama wa koplo alikaa chini, akafunika uso kwa khanga.

"Vizuri," alisema Namvua. "Sasa sogea hapo uliposimama. Unakanyaga ulezi wangu."